Mtungi, konsentreta ya nyumbani au mashine ya begani: kipi kimfae mgonjwa wako wa oksijeni?

Mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini, na kwenye karatasi ya ruhusa daktari ameandika: oksijeni ya nyumbani, lita 2, maana yake lita 2 kwa dakika. Familia inaanza kuzunguka maduka ya vifaa tiba, na kila duka lina jibu lake. Huyu anakodisha mitungi, yule ana mashine kubwa ya magurudumu iitwayo konsentreta, wa tatu anatoa kimashine cha kuning'iniza begani na kusema kinafanya kazi ileile kwa raha zaidi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, maana kazi si ileile. Vyote vitatu hutoa oksijeni, lakini kiasi, namna ya kuitoa na muda wa kuitoa vinatofautiana mno, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama mgonjwa atalala salama.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye umeme, kinachofaa ni konsentreta ya nyumbani ya lita 5 (inayotoa hadi lita 5 kwa dakika) pamoja na mtungi mmoja wa akiba. Mashine ya begani ije mwisho, na isinunuliwe kabla mgonjwa mwenyewe hajatembea nayo huku anapimwa.

Kabla ya kwenda dukani

Kuhema ni jambo moja, kupungukiwa oksijeni kwenye damu ni jingine. Mtu anaweza kuhema sana kwa upungufu wa damu, kwa wasiwasi au kwa moyo uliochoka, na oksijeni yake ikawa sawa. Huyo ukimnunulia mashine hutamsaidia. Tafiti zilizoifanya oksijeni ya nyumbani ikubalike kama tiba zilifanyika Marekani na Uingereza, zikachapishwa mwaka 1980 na 1981. Zilihusu wagonjwa wa kuziba kwa njia za hewa ambao oksijeni yao ilikuwa chini sana hata wakiwa wametulia, na waliofaidika kwa kuishi muda mrefu zaidi ni wale walioitumia saa nyingi, angalau 15 kwa siku. Kiwango kinachotumiwa mpaka leo ni asilimia 88 au chini kwenye kipimo cha kidoleni, au shinikizo la oksijeni la milimita 55 za zebaki au chini kwenye damu ya ateri. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani, wenye wagonjwa 738 ambao upungufu wao ulikuwa wa wastani tu. Hao oksijeni haikuwaongezea maisha wala kuwapunguzia kulazwa.

Kipimo cha kidoleni nacho kina kasoro inayotuhusu sisi moja kwa moja: kwa ngozi nyeusi huelekea kusoma juu kuliko hali halisi. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao kidoleni walisoma kati ya asilimia 92 na 96, kisha damu yao ya ateri ikapimwa. Waliokutwa kwa kweli wako chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kati ya vipimo vya watu weusi, na 3.6 kati ya vile vya weupe. Kwa hiyo mzee anayesoma 91 huku midomo imebadilika rangi na maneno hayamalizi, usimwambie yuko sawa. Kama hospitali ina kipimo cha damu ya ateri, omba kifanyike mara moja kabla hamjatumia mamilioni. Na kucha zenye rangi au piko zisafishwe kwanza, au tumia kidole kisichopakwa.

Kisha rudi kwa daktari na ile "lita 2" yake, umwombe aikamilishe. Lita 2 akiwa ameketi? Akitembea kwenda msalani je? Akilala? Saa ngapi kwa siku? Oksijeni ilengwe asilimia ngapi? Mgonjwa mwenye mapafu yanayoshindwa kutoa hewa chafu kwa kawaida hulengwa 88 hadi 92, na kumwongezea oksijeni kiholela ili tu namba ipendeze kunaweza kumlewesha kwa kabonidayoksaidi mpaka asiamke. Bila majibu hayo huwezi kulinganisha chochote.

Mtungi

Mtungi hauzalishi kitu. Ndani yake mna oksijeni safi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 99, iliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa. Juu kuna valvu, kwenye valvu inafungwa regulata yenye geji, halafu flomita, yaani kipimo cha mtiririko, yenye kijipira kinachopanda. Kijipira husomwa katikati yake, jicho likiwa usawa nacho. Nimeona nyumba zikikisoma kwa juu au kwa kuinama, na mgonjwa akawa anapata nusu lita zaidi au pungufu siku nzima.

Uzuri wa mtungi ni kwamba hauhitaji umeme, haupigi kelele, na hutoa oksijeni ya mfululizo kwa kiwango chochote ambacho regulata inaruhusu. Mgonjwa akizidiwa ghafla akahitaji lita 8, mtungi unazo. Ubaya wake ni hesabu, na hesabu hii kila anayeuguza aijue: chukua ujazo wa mtungi kwa lita za maji, ambao mara nyingi umegongwa kwenye chuma shingoni, zidisha kwa namba ya geji ikiwa inasoma bar, kizio cha shinikizo. Mtungi wa lita 10 ukiwa na bar 150 una takriban lita 1,500 za oksijeni. Gawanya kwa lita 2 za kila dakika, unapata dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Usiku mmoja na asubuhi yake.

Mtungi mdogo wa kubebeka, ule wa lita 680 za oksijeni, unaisha kwa saa 5 na dakika 40. Ule mrefu unaofika kifuani, wa lita 6,800, unakwenda saa 56 na dakika 40. Sasa chukua mgonjwa wa lita 2 kwa saa 15 kila siku: anatumia lita 1,800 kwa siku, lita 54,000 kwa mwezi, ambayo ni karibu mitungi mirefu 8. Kila mmoja unabebwa na wanaume wawili, unakodishiwa gari, unasubiriwa kujazwa. Nyumba nyingi huvumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Baadaye mgonjwa anaanza kupunguziwa saa ili mtungi ufike Jumamosi, na hapo tiba imeshaharibika bila mtu kutamka.

Usijaziwe mtungi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Shida haiko kwenye oksijeni yenyewe tu. Mtungi wa gereji hausafishwi wala kukaguliwa kwa ajili ya pua ya mtu, na huwezi kujua ulibeba nini juzi.

Halafu moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hufanya kila kinachowaka kiwake kwa fujo. Jiko la mkaa, mshumaa, sigara, na kwa watu wa Pwani chetezo cha udi na ubani, vikae mbali, mita 2 au 3 angalau, na dirisha liwe wazi. Mikono yenye mafuta isiguse regulata, maana mafuta na oksijeni yenye shinikizo huweza kulipuka bila cheche. Pua ikikauka usipake mafuta ya mgando ya petroli. Tumia losheni ya maji. Hayo yote yanahusu vifaa vyote vitatu, ila kwenye mtungi hatari ni kubwa zaidi, na juu yake kuna uzito: mtungi uangukao na kuvunjika valvu unaruka kama kombora. Ufungwe mnyororo ukutani.

Konsentreta ya nyumbani

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Konsentreta haitengenezi oksijeni, inaondoa naitrojeni. Kompresa inavuta hewa ya chumbani, inaisukuma kwa nguvu ndani ya kopo lililojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Kwa shinikizo kubwa zeolaiti huishika naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Shinikizo likishushwa huitapika naitrojeni ile nje. Kwa hiyo makopo yapo mawili, yanafanya kazi kwa zamu, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja akishusha mchi mwenzake ananyanyua. Ule mlio wa "pshhh" unaousikia kila baada ya sekunde kadhaa ni kopo moja likitoa naitrojeni yake. Kinachomfikia mgonjwa ni oksijeni ya takriban asilimia 93, ikiongezeka au kupungua kwa 3, na hiyo kwa mgonjwa wa nyumbani inatosha kabisa.

Mashine ya lita 5 ina uzito wa kilo 14 hadi 16 au zaidi kidogo, ina magurudumu, na inakaa chumba kimoja. Mpira mrefu wa hadi mita 15 unamfikisha mgonjwa sebuleni na msalani. Haiishi. Ilimradi kuna umeme, oksijeni ipo, leo na mwezi ujao. Kwa mgonjwa wa saa 15 kwa siku hakuna kifaa kingine kinachokaribia unafuu wa gharama yake.

Lakini hesabu ya umeme, ya LUKU kwa walio Tanzania, ifanyike kabla. Mashine nyingi za lita 5 hula wati 300 hadi 350. Ikifanya kazi mchana na usiku, ni uniti 8 na kitu kwa siku, karibu 250 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, itatoka humo wiki ya pili tu, na bei ya uniti itapanda kwa kila kitu ndani ya nyumba, taa na friji vikiwemo. Familia ikae iamue nani atachangia umeme, isije ikawa deni la mke wa mgonjwa peke yake.

Umeme unaopanda na kushuka huua kompresa na kadi za ndani. Stabilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya mashine. Kuhusu inveta, watu hudanganyika. Betri ya asidi ya voti 12 na saa-ampea 200 ina nguvu ya kinadharia ya wati-saa 2,400, na ukitaka idumu utumie nusu. Hiyo nusu inaendesha mashine hii saa 3 hivi. Inavusha kukatika kwa jioni, haivushi usiku wa mgao. Ndiyo sababu nasisitiza mtungi wa akiba: umeme ukikatika unafungua valvu, unahamisha mpira, mgonjwa haoni tofauti.

Adui mwingine ni unyevu na vumbi. Zeolaiti hunyonya maji, na ikishanyonya uwezo wake wa kushika naitrojeni hupungua. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, mashine iliyokaa stoo miezi sita inaweza kuwaka vizuri, ikapiga kelele vizuri, na ikatoa hewa ya kawaida. Ukinunua iliyotumika, hata ukipewa bure na ndugu aliye ughaibuni, kwanza angalia volteji, kwa kuwa za Marekani ni voti 120. Kisha dai ipimwe kwa kipima-oksijeni cha mafundi baada ya kuwashwa kwa dakika 15 au zaidi, ikiwa kwenye lita 5, si lita 1. Chujio la nje lioshwe kila wiki. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na moshi wa jikoni, na isifunikwe kitambaa cha mapambo.

Miinuko nayo ina neno. Nairobi, kwenye mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Mgonjwa aliyetosheka na lita 2 pwani anaweza kuhitaji zaidi akihamia kwa mwanawe Nairobi, Mbeya au Njombe, na mashine yenyewe ina kikomo cha mwinuko kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kisome.

Mashine ya begani

Kinadharia ni konsentreta ileile, makopo mawili ya zeolaiti na kompresa, ila kila kitu kimepunguzwa ili kiendeshwe na betri ya lithiamu. Ikiwa ndogo hivyo haiwezi kutoa lita nyingi, kwa hiyo hutumia ujanja: haitoi mfululizo, hutoa kwa mikupuo. Kihisi ndani yake kinasikia pua ikianza kuvuta, kinafyatua kijidozi cha oksijeni mwanzoni mwa pumzi, kisha kinanyamaza mpaka pumzi inayofuata.

Ujanja huo una mantiki. Mtu anayepumua mara 20 kwa dakika ana sekunde 3 kwa kila pumzi, na takriban sekunde 1 tu ndiyo ya kuvuta. Kwenye mtungi wa lita 2 za mfululizo, oksijeni inayotoka katika ile sekunde ni mililita 33 hivi. Nyingine inamwagika hewani akitoa pumzi. Kwa hiyo mkupuo mdogo uliopigwa kwa wakati wake unaweza kufanya kazi kubwa.

Tatizo ni namba. Kitufe kinasema 1, 2, 3, 4, 5, na muuzaji anasema "hiyo 2 ndiyo lita 2." Hapana. Chukua Inogen One G5, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, yenye uzito wa kilo 2 na kidogo. Kwenye namba 2 inatoa mililita 420 kwa dakika. Namba yake ya juu kabisa, 6, inatoa mililita 1,260. Na kiasi hicho cha dakika hakibadiliki. Ukipumua mara 20, kila pumzi ya namba 2 inapata mililita 21. Ukipanda ngazi ukahema mara 30, kila pumzi inapata 14. Yaani mgonjwa anapohitaji zaidi, kila mvuto wake unapewa kidogo zaidi. Aina nyingine zinatumia mpango tofauti, na namba 2 ya kampuni moja si namba 2 ya kampuni nyingine.

Kwa wengi mashine hii ni ukombozi wa kweli. Mwalimu anayerudi darasani, mama anayetaka kwenda kanisani au msikitini na miguu yake, mtu ambaye lita 1 au 2 zinamtosha na anavuta hewa kwa pua vizuri: hawa waipe nafasi. Lakini namna ya kuichagua ni moja. Mvalishe, mwekee kipimo kidoleni, atembee dakika 6 kwa mwendo wake wa kawaida. Mzee mmoja wa makovu ya kifua kikuu niliyekaa naye kwenye jaribio la namna hiyo alisoma 94 akiwa ameketi kwenye namba 3, akatabasamu, na wanawe wakashika pochi. Alipofika mwisho wa korido na kugeuka, alikuwa 83. Hawakununua. Walichukua mtungi mdogo wa kitoroli kwa ajili ya safari za kliniki.

Usingizini ni hatari zaidi. Anayelala mdomo wazi, au anayepumua kwa kina kifupi, anaweza asiifyatue mashine, na wengi hujua asubuhi kwa kichwa kizito. Watoto wadogo pumzi yao mara nyingi haitoshi kukiamsha kihisi, hivyo mashine ya mikupuo isitumike kwa mtoto bila daktari wake kuipima kwake. Zipo za kubebeka zinazotoa mfululizo, kama Philips SimplyGo hadi lita 2 kwa kilo 4.5, au CAIRE Eclipse hadi lita 3 kwa kilo zaidi ya 8. Angalia uzito unavyopanda: mfululizo hauji bure. Hizo mara nyingi hukokotwa badala ya kutundikwa begani.

Bei nayo inauma. Marekani mpya huuzwa zaidi ya dola 2,000, bado usafirishaji. Betri huchoka, na makopo ya zeolaiti hubadilishwa baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo kulingana na matumizi. Uliza kabla ya kulipa: makopo na betri vinapatikana hapa nchini, au vinaagizwa?

Mtego wa "lita 1 hadi 7"

Mitandaoni kuna vimashine vya bei ndogo vilivyoandikwa lita 1 hadi 7. Kamwe usikipuuze kitabu chake. Fungua jedwali la mwisho. Mara nyingi utakuta asilimia 90 na kitu kwenye lita 1, na inashuka kila unapoongeza, mpaka kwenye lita 7 imefika kama 30. Hewa ya bure ina 21. Mashine ya kweli ya tiba inabaki karibu na 93 katika lita zake zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Vile vikopo vya kupuliza vinavyouzwa kwa lita 10 navyo, kwa lita 2 kwa dakika, ni oksijeni ya dakika 5.

Kwa hali yako

Una umeme wa uhakika kiasi na mgonjwa wa lita 1 hadi 4 saa nyingi: konsentreta ya lita 5 na mtungi wa akiba unaotosha angalau saa 12. Anahitaji zaidi ya lita 5: ipo mashine ya lita 10, nzito ya kilo 25 hivi na inakula umeme karibu mara mbili, lakini mgonjwa wa kiwango hicho kwanza ulizeni kama yuko tayari kweli kutoka hospitali.

Kijijini bila gridi, mpango wa sola wa kuendesha wati 350 usiku kucha ni mkubwa na ghali. Mitungi itabidi, na uamuzi wa maana ni umbali wa pa kujaza. Kama mgonjwa anaweza kuhamia kwa ndugu mwenye umeme karibu na hospitali yenye mtambo wake wa oksijeni, mimi ningemhamisha.

Wa kutoka mara moja kwa wiki kwenda kliniki hahitaji mashine ya begani. Mtungi mdogo unamtosha kwenda na kurudi, foleni ikiwemo, ukifanya ile hesabu na kuacha robo ya akiba.

Wa kusafiri kwa ndege kwenda kutibiwa India ndiye ambaye mashine ya begani inamfaa zaidi, kwa sababu mashirika kwa kawaida hayaruhusu abiria kupanda na mtungi wake. Ndani ya ndege shinikizo hushushwa mpaka kufanana na mwinuko wa hadi mita 2,400, hivyo hata asiyetumia oksijeni nyumbani anaweza kuihitaji angani. Shirika litataka barua ya daktari mapema, aina ya mashine iwe miongoni mwa zinazokubaliwa, na mengi hudai betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Dar hadi Mumbai ni kama saa 6, basi uwe na betri za saa 9, kwa namba ambayo mgonjwa anatumia kweli, kwa kuwa saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za namba 1. Kama ni safari moja tu, tafuta wa kukukodishia, na ufanye lile jaribio la kutembea wiki moja kabla ili kuwe na muda wa kubadilisha.